Zamu Yake Ilishikwa na Nani?

Kombe lilikuwa la kioo, limesimama juu ya kaunta ya mapokezi kati ya mtungi wa maji ya kunywa na maua ya plastiki. Sista aliliona asubuhi moja ya mwaka 2011, saa moja na robo, akiingia zamu na viatu vya kazi mkononi kwa sababu ya matope ya Mbagala, anakoishi. Hospitali yake, mali ya kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, ilikuwa imetunukiwa kwa mpango wake wa kuwainua wanawake kazini. Pembeni ya kombe palikuwa na vipeperushi, na ukurasa wa pili alikuwamo yeye: joho jeusi, kofia imekaa upande, tabasamu pana. Chini ya picha paliandikwa kwamba alianza na cheti na sasa ana stashahada ya uuguzi. Ni kweli. Lakini hati yake ya mshahara, mwaka mzima baada ya mahafali, bado ilimhesabu kuwa muuguzi wa cheti.

Alicheka peke yake, akavaa viatu, akapanda wodini kupokea ripoti.

Anayeandika haya ndiye Sista mwenyewe. Anajitazama kwa mbali kwa sababu ndivyo alivyozoea: katika kitabu cha ripoti cha wodi, muuguzi hajitaji. Huandika mgonjwa wa kitanda cha sita amelalaje, dripu imeisha saa ngapi, daktari gani ameitwa na hakuja. Ukiandika hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, neno "mimi" linakwama kwenye kalamu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ambayo jina lake peke yake lilikuwa habari: kwamba huduma ya afya inatolewa na wanawake na kuongozwa na wanaume. Ndani yake mlikuwa na takwimu ambazo tangu hapo husomwa katika kila hotuba ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Wanawake ni asilimia 70 hivi ya wafanyakazi wa sekta ya afya na ustawi wa jamii duniani, lakini katika nafasi za juu ni asilimia 25 tu. Kwa wauguzi peke yao, ripoti ya shirika hilohilo ya 2020 ilisema wanawake ni tisa kati ya kila kumi. Mwaka 2022, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, likaongeza la mfukoni: wanawake wa sekta hiyo wanapata asilimia 24 pungufu ya wanaume, hata baada ya kulinganisha umri, elimu na saa za kazi.

Sista hakuhitaji ripoti kuyajua hayo. Katika wodi yake ya kwanza walikuwa wauguzi kumi na wanne, mwanamume mmoja. Baada ya miaka mitatu yule mmoja alikuwa msimamizi wao. Alikuwa mchapakazi, hilo halina ubishi, na alikuwa wa kwanza kukataa kwamba alibebwa. Mwanasosholojia wa Marekani, Christine Williams, aliandika mwaka 1992 kuhusu jambo hilohilo: wanaume wanaoingia kazi zinazoitwa za kike hupandishwa kana kwamba wamesimama kwenye ngazi ya umeme, hata wale ambao hawakuwa na haraka ya kupanda. Wenzao wa kike wanapanda ngazi za kawaida, wengine wakiwa na mtoto mgongoni.

Basi kampuni ikisema inataka kuwainua wanawake, hilo ni jema, na ikipongezwa hakuna ubaya. Kinachomsumbua Sista tangu asubuhi ile ni namna ya kutambua kile kilichomwinua mwanamke hasa. Kwa upande wake anakijua. Hakikuwamo kwenye kipeperushi.

*

Aliajiriwa pale mwaka 1996 akiwa na cheti. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza mpango wake mpya. Ulikuwa na mambo matatu: nusu ya ada kwa wauguzi wanawake watakaojiendeleza, semina ya uongozi mara mbili kwa mwaka, na "mlezi" kutoka ngazi za juu kwa kila mshiriki.

Nusu ya ada ilikuwa msaada wa kweli na Sista hataki kuibeza. Nusu nyingine ilikatwa kwenye mshahara kidogo kidogo kwa miezi ishirini na minne, na akasaini mkataba wa kubaki kazini miaka mitatu baada ya kuhitimu. Mlezi wake alikuwa meneja wa fedha, mtu mpole, ambaye Sista alionana naye mara mbili. Mara ya pili alimwita kwa jina la muuguzi mwingine. Semina zilifanyika hoteli ya ufukweni, zenye chai ya saa nne na sambusa nzuri. Mkufunzi aliwafundisha kusimama mbele ya watu bila woga. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wanawake ambao juma lile lile walikuwa wamesimama mbele ya familia na kuiambia kwamba mama hakuamka.

Masomo yalikuwa siku mbili kwa juma, Jumanne na Alhamisi. Utaratibu wa aina hiyo haukuwa mgeni. Kuanzia mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilikuwa kimeanza kuwasomesha wauguzi walio kazini nchini Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hoja nyepesi kabisa: muuguzi wa kike mwenye watoto na mshahara unaotegemewa na watu sita hawezi kuacha kazi miaka miwili ili awe mwanafunzi. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, walianza kuwapelekea masomo kwa kompyuta wauguzi wa cheti, ambao kwa nchi nzima walikuwa kama 22,000. Madarasa ya vyuo yasingewameza wote hao hata kwa kizazi kizima. Kompyuta ziliwekwa katika vituo vya afya, muuguzi akawa anasoma palepale anapofanyia kazi. Sista anaupenda mpango ule kuliko mingi aliyoisoma baadaye, kwa sababu aliyeubuni alijiuliza mwanafunzi yuko wapi saa ya somo.

Mpango wa kwao haukujiuliza. Barua ya ufadhili ilisema "mtumishi atapanga muda wake na msimamizi wake", na hapo ndipo kampuni ilipomaliza kazi yake. Msimamizi alikuwa Mama Metroni.

Alikuwa mwanamke mfupi, saa yake imening'inia kifuani kama walivyovaa wauguzi wa zamani, na alipopokea barua ya Sista aliisoma yote, mpaka namba ya kumbukumbu.

"Mwanangu, chuo ni Jumanne na Alhamisi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Jumatatu usiku upo zamu. Jumanne asubuhi utatoka hapa saa mbili, macho mekundu, uende ukasome anatomia?"

Sista alinyamaza.

"Ulidhani nani atakushikia? Malaika?"

Jioni ile Mama Metroni alinunua kaunta buku lenye jalada gumu, kwa pesa yake, akapiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza jina. Ya pili zamu iliyoachwa. Ya tatu aliyeishika. Ya nne tarehe ya kulipa. Kwenye rosta ya ukutani, siku za chuo ziliwekwa herufi M kwa wino mwekundu, yaani masomo, na aliyethubutu kuifuta alijibu kwake.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kulifundisha: akakaa na kila muuguzi akamuuliza anapenda zamu gani. Ikaonekana kwamba wako wanaopenda usiku. Mmoja alikuwa na genge la mboga la asubuhi. Mwingine alimuuguza mama yake mchana, dada yake akirudi kazini anapokea. Hao wakabeba zamu za Sista za usiku wa Jumatatu na wa Jumatano, na yeye akalipa siku walizozitaka wenyewe. Krismasi tatu mfululizo, Sista, ambaye ni Mwislamu, aliwashikia Wakristo. Deni la mwisho alilipa Krismasi ya 2010, miezi kadhaa baada ya kuhitimu, na Mama Metroni akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

*

Mwaka 2009, katikati ya masomo, alijifungua mtoto wa kike.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akirudi, hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi ili anyonyeshe. Ni sheria nzuri. Mtu wa ofisini anaitumia kwa kuondoka mapema: saa nane badala ya saa kumi, begi begani, huyo stendi. Wodini hakuna kuondoka mapema. Zamu ya asubuhi haiishi kwa saa, inaisha kwa makabidhiano, kitanda kwa kitanda, na kama wa zamu ya jioni hajafika, humwachi mgonjwa na ukuta. Kwenda Mbagala na kurudi kungezimeza saa zile mbili zote ndani ya daladala, maziwa yanalowesha sare.

Miezi ya kwanza alikamua maziwa kwenye stoo ya mashuka, amekaa juu ya bunda la mashuka safi, mlango ameuegemea kwa mgongo kwa kuwa haukuwa na komeo. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 ilikuja kuwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Sista aliposoma habari hiyo aliikumbuka harufu ya mashuka yaliyopigwa pasi.

Mama Metroni alilifungua tena daftari. Muuguzi mmoja wa jioni, ambaye hakuwa na watoto nyumbani, alikubali kuingia saa sita badala ya saa nane, na saa zake zikaandikwa kuwa deni. Mwishoni mwa mwezi alilipwa kwa siku kamili za mapumziko. Hakuna senti ya kampuni iliyotumika. Pia hakuna mtu wa kampuni aliyejua.

Kwa hiyo mwaka 2011, maombi ya tuzo yalipoandikwa, yaliandika kilichojulikana: idadi ya waliofadhiliwa, idadi ya semina, idadi ya walezi, picha za mahafali. Sista hadhani aliyeyaandika alidanganya. Aliandika yaliyokuwa kwenye mafaili ya ofisi, na daftari lilikuwa wodini, kwenye droo ya chini pamoja na glovu.

Kuhusu mshahara, alikwenda kwa afisa rasilimali watu mara nne. Jibu lilikuwa lilelile: nafasi haipo kwenye ikama. Kampuni ilikuwa imesomesha wauguzi saba bila kutenga nafasi hata moja ya kuwaweka wakishahitimu. Alipandishwa daraja mwaka 2013, mwenzake mwenye stashahada alipoacha kazi. Mwaka huohuo miaka mitatu ya mkataba wake wa kubaki ilikuwa imetimia. Sista hasemi mambo hayo mawili yana uhusiano. Anataja tarehe tu.

Na mwaka mmoja kabla ya hapo Mama Metroni alikuwa amestaafu, kwa keki, kitenge na hotuba. Aliyempokea alikuwa kijana mwenye bidii, akaihamishia rosta kwenye kompyuta. Programu ile haikuwa na mahali pa kuandika deni wala herufi nyekundu, na kubadilishana zamu kukawa lazima kuombwe kwa fomu siku kumi na nne kabla. Kati ya wauguzi wanne waliokuwa wakisoma wakati ule, wawili waliacha chuo kabla mwaka haujaisha. Mpango haukuwa umefutwa: ada ililipwa, semina ziliendelea, sambusa zilikuwa nzuri vilevile. Kombe lilifutwa vumbi kila asubuhi.

*

Tuzo za aina hii ziko nyingi, na hazifanani. Zipo zinazomtunuku mtu. Mwezi Mei 2022, Siku ya Wauguzi Duniani, muuguzi wa Kenya kutoka Marsabit, Anna Qabale Duba, alikabidhiwa huko Dubai tuzo ya kampuni ya hospitali ya Aster, dola 250,000, akiwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo. Walioshindana ni wauguzi zaidi ya 24,000. Amejenga shule kwao na amepambana na ukeketaji na ndoa za utotoni. Wodi nzima ya Sista iliitazama habari hiyo kwenye simu moja, na aliyeshangilia kuliko wote hajawahi kufika Marsabit. Lakini tuzo ya mtu husema mtu huyu ni hodari. Haisemi mwajiri wake alifanya nini ili hodari wa pili apatikane.

Zipo zinazotunuku mpango. Marekani kuna Healthcare Businesswomen's Association, chama kilichoanzishwa 1977, ambacho tuzo yake ya ACE hupewa mpango wa kampuni ya sekta ya afya, wenye matokeo yanayopimika. Kuna pia taasisi ya Catalyst, iliyoanzishwa na Felice Schwartz mwaka 1962, inayotoa tuzo kwa kampuni tangu 1987. Mwaka 2009 mmoja wa washindi wake alikuwa Baxter, watengenezaji wa dawa na vifaa vya hospitali, kwa kazi yao ya Asia na Pasifiki: walijiwekea lengo la nusu kwa nusu katika umeneja na nafasi nyeti ifikapo 2010, wakalifikia kabla ya muda. Sista anasema lengo la namna hiyo lina faida moja kubwa. Haliwezi kutimizwa kwa semina, maana mwisho wa siku lazima kuwe na kiti na mtu aliyekikalia. Katika hospitali ya Sista hapakuwa na kiti. Na jambo jingine la Catalyst lilimvutia zaidi ya hilo: wachunguzi wake hawaishii kwenye karatasi. Kampuni ikiingia hatua za mwisho, hutembelewa, na wafanyakazi huulizwa wenyewe.

Nyumbani, Chama cha Waajiri Tanzania hutoa Tuzo ya Mwajiri Bora, na huendesha mafunzo ya Mwanamke Kiongozi, ambayo asili yake ni mpango wa waajiri wa Norway, nchi iliyopitisha mwaka 2003 sheria ya kutaka wanawake wawe asilimia 40 kwenye bodi za kampuni za hisa za umma. Anayempeleka mwanamke kwenye mafunzo hayo ni mwajiri wake. Jina la kampuni likishawekwa namna hiyo, ni vigumu zaidi kwa mwajiri kusema baadaye kwamba hakujua mwanamke huyo anajiendeleza.

Sista mwenyewe alikuja kuwa muuguzi mfawidhi wa wodi mwaka 2016, akajaribu kulirudisha daftari. Alifanikiwa nusu. Siku za masomo zikaingizwa rasmi kwenye rosta ya kompyuta, kwa rangi ya kijani kwa kuwa nyekundu ilikwishatengwa kwa utoro. Madeni hayakuingia. Mkurugenzi alisema yatafungua mlango wa ubishi, na kwa haki yake, ubishi ulikuwapo hata enzi za Mama Metroni; tofauti ni kwamba alikuwapo mtu wa kuumaliza.

*

Mwaka 2023 alialikwa kwenye jopo la kuchagua mpango bora wa kuwaendeleza wanawake miongoni mwa hospitali na kampuni za afya. Walitaka, kwa maneno ya aliyempigia simu, "mtu wa kitandani", yaani aliyewahi kumgeuza mgonjwa kwa mikono yake. Bahasha zilikuwa tano. Moja ilikuja na video yenye muziki. Nyingine ilikuwa na kurasa sitini na jedwali la rangi nne. Ya mwisho, ya hospitali ndogo ya mkoani, ilikuwa na kurasa mbili, na ya pili ilichapwa upande kidogo.

Wajumbe walijadili saa nzima. Video ilikuwa inaongoza.

Sista akauliza kama waombaji wanaweza kuleta rosta ya wodi moja, mwezi wowote, mbichi, isiyosafishwa.

Ilibidi aeleze kwa nini. Aliwaambia kwamba idadi ya waliosomeshwa inaonyesha fedha zimetoka, lakini haionyeshi mwanafunzi alilala wapi usiku wa kuamkia darasa. Ya rosta ni mengine. Inaonyesha siku ya chuo ni haki au ni hisani, mama anayenyonyesha amepangwa au amesahauliwa, na mzigo wa mwenzao anayesoma wameugawana wangapi. Mjumbe mmoja, mwanasheria, alihoji kama si kuingilia mambo ya ndani ya hospitali. Mwingine akasema kwa utani kwamba rosta za wauguzi hazisomeki hata na wauguzi. Mwenyekiti aliruhusu, kwa sharti majina yafichwe.

Kati ya watano, wawili walileta. Wenye video walituma barua nzuri ya kusema mfumo wao hauruhusu kutoa nakala.

Rosta ya hospitali ya mkoani ilifika kwa simu, picha iliyopigwa ukutani jioni, mwanga hafifu, kona moja imefunikwa na kalenda ya duka la dawa. Majina yalikuwa yamezibwa kwa plasta ya kidonda, vipande vidogo vilivyokatwa vizuri. Wino mweupe wa kufutia umepakwa mara tatu juu ya siku ileile. Sista alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Jumanne na Alhamisi, mbele ya plasta ya nne na ya saba, ziliandikwa herufi M, kwa wino mwekundu. Alishuka na safu ya usiku wa Jumatatu na wa Jumatano kutafuta nani alizishika zamu zao. Ya Jumatatu ilishikwa na plasta ya pili, ambaye wiki iliyofuata alikuwa na siku mbili za mapumziko mfululizo. Ya Jumatano haikuwa na plasta. Aliyeijaza alikuwa ameandika cheo chake tu, kwa kalamu ya kawaida ya bluu: metroni.